Kusoma Kabla ya Kuhukumu

Msomaji mwenzangu, mwanafunzi wa fasihi aghalabu huanza kazi yake kwa kukariri majina ya nadharia. Huambiwa kwamba iko nadharia itazamayo umbo la kazi, iko itazamayo maisha ya mtunzi, iko itazamayo matabaka ya watu, na iko itazamayo hali ya mwanamke. Kila moja hupewa maelezo ya mistari miwili, na mwenye kumbukumbu njema huweza kuzitaja zote kwa pumzi moja. Kujua majina si vibaya. Ubaya huingia pale ambapo ajuaye jina hudhani kwamba amekwisha kukijua kitu chenyewe. Mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi wa namna hiyo, na nakuandikia ili nikueleze jinsi nilivyonaswa katika kosa hilo, na faida niliyoipata baada ya kulitambua.

Niliagizwa kuandika insha juu ya Utendi wa Mwana Kupona. Nikaandika kurasa nne bila ya kusita. Nilisema kwamba utendi ule ni kamba ya kumfunga mwanamke, kwamba mtunzi wake alikuwa mateka wa fikira za wanaume, na kwamba msichana wa leo hana la kujifunza humo ila la kuepuka. Maneno yalikuwa makubwa, mwandiko ulikuwa safi, na jina la nadharia nililitaja mara saba. Mwalimu aliponirudishia daftari hapakuwa na alama yoyote. Palikuwa na swali moja tu chini ya ukurasa wa mwisho: umesoma beti ngapi?

Nilikuwa nimesoma beti tisa. Utendi una beti zaidi ya 100. Zile tisa nilizikuta zimenukuliwa katika kitabu kingine, na zote zilihusu mke na mume. Nilikuwa kama kadhi aliyesikia shahidi mmoja, tena akamkatiza kabla hajamaliza, kisha akatoa hukumu kwa sauti kubwa. Swali lile liliniuma kuliko sufuri. Nikaenda kuutafuta utendi wote, nikausoma toka mwanzo hadi mwisho. Kisha nikausoma mara ya pili, na ya tatu. Nikaona kwamba kila nadharia niliyokuwa nimeikariri ilikuwa na kazi ya kufanya, lakini si kazi niliyoipa.

Kwanza, yatupasa kujua habari chache. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwenyeji wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa mji wa Siu katika kisiwa hicho hicho, mtu wa vita aliyeshindana miaka mingi na Sultani wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mnamo mwaka 1858 mjane wake, hali akiwa mgonjwa, alimtungia binti yao, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Yeye mwenyewe alifariki karibu na mwaka 1860. Kwa hiyo maneno tunayoyasoma ni ya mama ambaye mauti yalikuwa karibu naye, na msikilizaji wake wa kwanza ni mtoto ambaye baba hayupo na mama yu safarini kuondoka.

Je, habari hizi zina haki ya kuingia katika uhakiki? Hapa nadharia zimegombana. Mwaka 1946 wahakiki wawili wa Marekani, Wimsatt na Beardsley, walifundisha kwamba si sawa kuipima kazi ya fasihi kwa nia ya mtunzi. Shairi likishatoka mikononi mwake si mali yake tena. Mwaka 1967 Mfaransa Roland Barthes alikwenda mbali zaidi, akatangaza kifo cha mtunzi ili msomaji apate kuzaliwa. Mafundisho haya yana hekima ndani yake. Yanatuzuia kuwa wachunguzi wa siri za watu mahali pa kuwa wasomaji wa maneno yao. Lakini yaweke mbele ya utendi huu uone yanavyopata taabu. Mwana Kupona hakuyaacha maisha yake nje ya mlango. Ameyaleta mwenyewe ndani ya beti: anataja ugonjwa wake, anasimulia ndoa yake, anamtaja mumewe na jinsi walivyoagana kwa radhi. Tukimwambia mtunzi kama huyu atoke, itatupasa kung'oa beti nyingi pamoja naye. Nadharia imesema kweli kwa kazi nyingine, na hapa imekutana na kazi isiyokubali. Basi nani atamfuata mwenziwe? Kwa rai yangu, nadharia ndiyo impishe utendi.

Sasa tutazame umbo. Nilifundishwa kwamba ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kipande mizani 8. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachopita katika utendi wote. Niliyajua haya kama mtu ajuavyo vipimo vya nyumba asiyowahi kuingia. Nilipousoma utendi kwa sauti ndipo nilipotambua maana yake. Vipande vifupi huingia masikioni bila ya kuchosha, na kina cha mwisho hurudi kila ubeti kama mkono ubishao hodi mlango ule ule. Maneno ya wasia hayana budi kukumbukwa, kwa kuwa anayeyasema hatakuwapo kuyarudia. Umbo la utendi, basi, si pambo lililotiwa juu ya wasia. Ndilo lililoufanya wasia uweze kukaa moyoni mwa binti baada ya mama kuondoka.

Yuko Mrusi mmoja, Viktor Shklovsky, aliyeandika mwaka 1917 kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu tulichokizoea kiwe kigeni machoni petu, ili tukione tena. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza sikulifahamu. Mwana Kupona ndiye aliyenifahamisha. Ni mama gani asiyemuusia binti yake? Wasia ni jambo la kila nyumba, na kwa sababu hiyo twausikia bila ya kuusikiliza. Lakini mama huyu, baada ya kumwita mwanawe karibu na kumwambia achukue wino na karatasi, anamwambia kwamba atampa hirizi ya kuifunga kwa uzi, na kwamba atamtungia kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Tunangoja sanduku la vito lifunguliwe. Na kinachotoka ni nasaha. Maneno yamekuwa kinga na mapambo pamoja. Yale tuliyokuwa tukiyapita kwa mazoea sasa twayaona yaking'aa. Tazama, nadharia iliyozaliwa mbali na bahari yetu imetusaidia kuona usanii wa mwanamke wa Pate, aliyetunga nadharia hiyo isijazaliwa. Hapa taa imefanya kazi yake vizuri.

Lakini kila taa ina upande inaoangaza na upande inaoachia kivuli. Ukiutazama utendi kwa umbo peke yake utasifu kidani, wala hutauliza ni nani aliyefagia chumba ambamo kidani kilivaliwa. Nadharia ya matabaka ndiyo iulizayo. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyikane na watumwa ila wakati wa kazi. Neno hili hupita upesi, na msomaji aliyekwisha kumpenda mtunzi hutamani lipite upesi zaidi. Ukipenda, chongo huita kengeza. Lakini watumwa wamo ndani ya utendi kama walivyokuwamo ndani ya nyumba: wanatajwa ili waepukwe, wala hatusikii sauti yao. Katika pwani yetu utumwa haukuondolewa kisheria mpaka mwaka 1907. Hivyo mama huyu mwenye huruma, anayemlilia mwanawe mbele ya Mungu, alikuwa pia bibi wa nyumba ya waungwana, na huruma yake ilikuwa na mipaka ambayo yeye hakuiona. Simtaji kwa kumtukana. Nasema kwamba mhakiki asiyeona jambo hili hajamaliza kusoma, kama mimi nilivyokuwa sijamaliza na beti zangu tisa.

Tumefika penye kisa chenyewe, nacho ni mke na mume. Wale wanaousoma utendi huu kwa kutetea haki za mwanamke hawajasingizia. Binti anaambiwa kwamba wako watano ambao radhi yao haina budi kutafutwa: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anaambiwa kwamba siku ya kufufuliwa mume ndiye atakayekuwa na neno juu ya mahali pa mkewe. Anaambiwa amwombe ruhusa akitaka kutoka, asimwamshe kwa kishindo akiwa amelala, ampepee, amtunze mwili na ndevu zake. Maneno haya yamo, na msomaji mwaminifu hayafichi. Msichana wa leo akiyasoma akahisi uzito kifuani, hisia yake ni haki, wala asiambiwe kwamba hakuelewa.

Kosa langu halikuwa kuyaona maneno hayo. Kosa langu lilikuwa kuikamata taa na kuiangazia pembe moja, kisha nikasema kwamba nyumba nzima ni pembe ile. Nilipoinyanyua taa ile ile juu zaidi niliona mengine. Niliona kwamba anayesema ni mwanamke, na hapana mwanamume aliyeombwa idhini kabla hajasema. Niliona kwamba anayeagizwa kushika wino na karatasi ni msichana, katika zama ambazo watu wengi waliozisikia hudhani kwamba wasichana hawakushika kalamu kamwe. Niliona tena kwamba mume, ambaye juu ya jamvi la heshima ni bwana, katika nasaha anafananishwa na mtoto mchanga ambaye hajaanza kusema, na mke ndiye mwenye jicho juu ya kila kinachoingia na kinachotoka. Msomaji, fikiri juu ya mfano huo. Mtoto mchanga hutumikiwa usiku na mchana. Lakini ni nani mwenye akili katika nyumba ya mama na mtoto mchanga?

Wako waliokwenda mbali katika njia hii. Ann Biersteker, mhakiki wa lugha ya Kiswahili, alitoa makala mwaka 1991 akataka utendi huu ufikiriwe upya kwa upande wa lugha na uwezo, na wako wasomaji wanaoona kwamba utii unaosifiwa hapa una kejeli ndani yake. Nami nilijaribu kuusoma kwa kejeli. Sehemu nyingine zilikubali, hasa ule mfano wa mtoto. Sehemu nyingine zilikataa kabisa. Mjane anapomkumbuka mumewe na wema waliotendeana sikusikia kicheko chochote. Na sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni dua, ambamo mama anamwomba Mungu awalinde wanawe na amwondolee maradhi. Mtu hafanyi mzaha katika dua ya namna hiyo. Kwa hiyo nimefikia rai hii: Mwana Kupona hakuudhihaki utii, ila aliujua vizuri kuliko wale walioutaka kwake. Aliishi katika mji wa vita, mume amekufa, naye yu kitandani. Silaha aliyoweza kumwachia binti yake ni ile iliyokubaliwa na dunia yao: adabu, akili, na ujuzi wa kumtuliza mwenye nguvu. Aliitia makali akampa. Twaweza kusikitika kwamba dunia ile haikumruhusu kuacha silaha bora. Hatuwezi kusema kwamba alimwacha mwanawe mikono mitupu. Hii ni rai yangu. Ipime kwa beti, wala usiikubali kwa sababu imechapishwa.

Labda utaniambia: ikiwa nadharia hutupotosha hivi, si afadhali tuziache, tusome kwa moyo mtupu? Ningependa iwe hivyo, lakini moyo mtupu haupo. Mwaka 1917 Alice Werner, mtaalamu wa Uingereza, aliuchapisha utendi huu pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Na mwaka 1934 yeye na William Hichens waliutoa katika kitabu ambacho jina lake, kwa maana, ni nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Lifikirie jina hilo. Kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza amekwisha kuambiwa kwamba kinachotafutwa humo ni mke na wajibu wake. Wino, karatasi, hirizi, ugonjwa, kumbukumbu na dua, vyote vimesukumwa pembeni na jina la kitabu. Hapana aliyesema kwamba hiyo ni nadharia, lakini ilikuwa nadharia, tena yenye nguvu zaidi kwa kuwa haikujitaja. Huenda zile beti tisa nilizozikuta zilichaguliwa chini ya kivuli chake. Asomaye bila ya nadharia iliyo wazi husoma kwa nadharia iliyofichika. Na afadhali taa uliyoishika mkononi kuliko moto usiojua unawakia wapi.

Basi, mwanafunzi afanyeje? Nitakupa niliyojifunza, nayo ni mambo matatu.

La kwanza, isome kazi yenyewe, yote, kabla ya kusoma yaliyosemwa juu yake. Ikiwa ni shairi, lisome kwa sauti. Andika pembeni palipokupendeza, palipokukera na palipokuzuia njia. Mahali pale palipokukera papende zaidi, maana aghalabu ndipo penye kazi. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya wenzetu. Na msomaji anayeanza kwa maoni ya mhakiki ametweka tanga kwa nyota isiyo yake.

La pili, itumie nadharia kama swali, usiitumie kama jibu. Nadharia ya umbo ikuulize: kwa nini vipande vifupi, kwa nini kidani? Ya historia ikuulize: ni nani aliyesema, kwa nani, na lini? Ya matabaka ikuulize: ni nani asiyesikika? Ya kutetea mwanamke ikuulize: uwezo uko mikononi mwa nani, na umepatikanaje? Kisha uiache kazi ijibu kwa maneno yake. Nadharia ikileta jibu tayari mfukoni, huna haja ya kusoma. Na mwalimu akiuliza umesoma beti ngapi, utakaa kimya kama nilivyokaa mimi.

La tatu, tafuta katika kazi lile linaloikataa rai yako, ulitaje mwenyewe kabla mwingine hajalitaja. Ukisema kwamba utendi ni wa utii, taja wino na karatasi. Ukisema kwamba ni wa kejeli, taja dua. Ukimsifu mtunzi, wataje watumwa. Rai inayosimama baada ya kutaja vipingamizi vyake ni rai iliyokomaa. Na ile isiyoweza kusimama ilikuwa ianguke tu, na ni heri iangushwe na mkono wako.

Niliiandika insha yangu upya. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na jina la nadharia lilitajwa mara moja. Sehemu yake kubwa ilihusu beti za mwishoni, ambazo mara ya kwanza sikuzijua kabisa. Huko mama hasemi na Mwana Hashima peke yake tena. Anawageukia wanawake wote, anawaamuru wasome, wafahamu maana, wasije wakachukua lawama mbele ya Mungu. Na karibu na hapo anawaamuru tena wasome, wawatii waume zao. Amri ya kusoma na amri ya kutii zimekaa jirani, kama watu wawili katika jamvi moja. Katika insha ya kwanza niliiona moja tu kati ya hizo mbili. Wako wanaopenda kuiona ile nyingine tu. Mimi nimeshindwa kuiondoa yoyote, na sasa nadhani kwamba haikuwa kazi yangu kuiondoa. Kazi yangu ilikuwa kuziona zote mbili, na kueleza jinsi mwanamke mmoja alivyoweza kuzisema kwa kinywa kimoja.

Jambo moja tu lanihuzunisha. Amri ile ya kusoma na kufahamu maana ilikuwapo kwa zaidi ya miaka 100 kabla sijazaliwa, nami nilimhukumu aliyeitoa pasipo kuitii. Wewe, msomaji, bado una nafasi. Utafute utendi wenyewe, uanze kwa ubeti wa kwanza, wala usiweke kalamu juu ya karatasi mpaka umefika wa mwisho. Kisha ukiona kwamba nimekosea katika niliyoyasema, andika ya kwako. Lakini andika ukijua umesoma beti ngapi.